Dumu la Petroli Mapajani

Wewe uliyekaa karibu na dirisha, uliyecheka uliposikia kwamba gari lile la nje liliwahi kutembea bila tangi, cheka umalize kisha usikilize, maana mke wa marehemu, anayesoma hapa, alikuwa ndani yake, na gauni lake la Jumapili linanuka petroli hadi leo.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yake, akachelewa kulia, akachelewa kutembea, shangazi akasema huyu hana haraka na dunia. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, dawati moja na huyu aliyekuja kuwa mkewe, wakamaliza darasa la saba mwaka 1964, wote wasiende mbele, yeye kwa sababu ya hesabu, mwenzake kwa sababu ya mdomo.

Januari 1965 aliajiriwa gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao, na huko ndiko alikopata jina, kwa kuwa nati yenye kutu wenzake waliipiga nyundo, yeye akaitia mafuta na kuibembeleza. Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, baada ya kuposa miaka minne, mpaka baba mkwe akauliza kama kijana anaposa au anapima injini. Walijaliwa watoto watatu.

Alipostaafu Juni 2009, mwenye gereji alimuaga kwa gari kuukuu la mwaka 1961, kuku wameshalitagia, naye akamwahidi mkewe kwamba litamfikisha kwa dada yake, ng'ambo ya daraja la reli. Tarehe 3 Oktoba alianza kutoa tangi, akanyonya mafuta yaliyooza, akafungua mrija, akajilaza chini, akakuta nati zimeganda kwa kutu, na jirani yetu fundi wa kuchomelea akaja na gesi yake akisema dakika moja tu, marehemu akamwambia asogee mbali, petroli haijui ujirani, akazitia nati mafuta asubuhi na jioni wiki nzima, hadi tangi lenyewe likamlalia kifuani, akatoka mwekundu kama tofali, nalo chini limekuwa chujio.

Hapo ikaanza kazi ya dumu, mpira ukatoka ndani yake mpaka kwenye pampu, na mkewe akalipakata kwenye kiti cha pembeni, kila Jumapili, hadi kona ya duka la dawa na kurudi, kisha marehemu akazunguka kumfungulia na kuufunga mlango, ambao lazima unyanyuliwe kwanza ndipo usukumwe, kazi ambayo hakumwachia mtu. Kila Jumapili mkewe alidai tangi, akamwita mvivu, akamuuliza kama dada amngojee ahera, naye akajibu, taratibu mama, linatafutwa.

Alianza kuugua moyo Februari 2023, na Jumapili tarehe 14 Mei akaishiwa nguvu kwenye usukani, mkewe akatoka mbio kuita watu, mlango wa upande wake ukabaki wazi hadi leo, na Alhamisi tarehe 18, asubuhi, marehemu akafariki hospitalini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa gereji, na fundi wa kuchomelea, ambaye jana jioni, chai ikiwa mkononi, ndipo alipotoboa siri kwamba tangi linaloingia sawasawa kwenye gari lile alilipata tangu mwaka 2011, akampelekea marehemu mara tatu, mara tatu akarudishwa nalo, akiambiwa kuwa likishafungwa, mama atahamia kiti cha nyuma na wajukuu, na kwamba tangi la bati halijui kugombeza, na dereva asiyegombezwa husinzia. Wenye kutaka kuliulizia gari lile bei ya chuma chakavu waulize kwingine.

Pumzika kwa amani, Taratibu, na huko ulikotangulia usikubali kufungiwa tangi.

Mkewe amemaliza kusoma, anatoka nje kuufunga ule mlango, anajua kwamba huanza kunyanyuliwa, na mtakapousikia umefungwa, ndipo mbebe jeneza.