Mama Uzi na Barakoa Yenye Dirisha

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Uzi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu hakumsubiri mtu: alitoka maji ya kuchemsha yakiwa bado jikoni. Kutulia hakukujua. Hata akiwa ameketi, miguu yake ilikanyaga sakafu kana kwamba kuna cherehani chini yake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akaingia chuo cha ushonaji. Mwalimu alimkalisha karibu na mlango. "Kaa hapa, mwanangu, usitukanyage ukitoka." Mwaka 1979 alifungua kibanda kando ya duka la vitabu, akawa fundi wa sare za shule.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa polepole kama kinyonga. Mmoja mbio, mmoja taratibu. Nyumba yao ikapata mwendo wa katikati.

Machi 2011, akimpima mteja mabega, moyo ulimwenda mbio, kifua kikambana, vidole vikafa ganzi. Hospitalini aliambiwa, "Moyo wako mzima, mama."

"Mzima wa nini, na mimi nakufa?"

Ilikuwa hofu ya ghafla, ugonjwa wenye jina na tiba. Mshauri wa kliniki alimfundisha kuialika hofu yenyewe: apumue kwa mrija, apande ngazi mbio, kisha akae nayo mpaka ipite. Mumewe akimwona ngazini alimtania: "Mke wangu, unafukuzwa na nani?"

"Na wewe! Pika chai."

Akapata nafuu kwa miaka. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa mapafu. Kliniki ikafungwa, mshauri akabaki sauti ya simu. Mama Uzi alikuwa amefundishwa kwamba kifua kikibana asikimbie. Sasa redio ilimwambia kifua kikibana akimbie hospitali. Alilala na kuamka akizisikiliza pumzi zake, kama mtu anayesikiliza mwizi darini. Alishonea mtaa mzima barakoa, lakini ndani ya yake, chini ya pindo, aliacha tundu la kupitisha hewa. Bila tundu hilo alihisi anazikwa hai.

Mwezi Agosti mumewe aliugua, akalazwa kwenye oksijeni. Mtu mmoja aliruhusiwa kumwona. Muuguzi wa mlangoni akaikagua barakoa, akaipindua. "Mama, hii yako ina dirisha? Huingii nayo humu." Akamnyooshea nyingine, nzima. Mama Uzi aliivaa, akafika katikati ya ukumbi, akaivua na kutoka mbio.

Jioni alimpigia mshauri. "Nilizibe tundu lote sasa hivi?"

"Mshono mmoja. Ivae, kaa mpaka hofu ichoke yenyewe, ndipo ushone mwingine."

"Na mume wangu akiondoka nikiwa kwenye mshono wa pili?"

"Hilo siwezi kukuahidi, dada. Shika sindano."

Alishona kwa mkono, akizunguka meza, akirudi kitini. Akivaa. Akishona. Tundu lilipofungika alirudi hospitalini, akapita ukumbi wote, akaketi kitandani pa mumewe. Miguu ikikanyaga sakafu.

"Umechelewa, fundi," mumewe alisema kwa sauti iliyokatikakatika.

"Nilikuwa nashona."

Mumewe alipona. Yuko nasi leo, kiti cha mbele.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, Mama Uzi alimwita bintiye. "Twende hospitali. Hii si ile yangu. Ile hubisha hodi kwa kishindo. Hii imeingia kimya." Ulikuwa mshtuko wa moyo. Njiani bintiye aliona miguu ya mama imetulia. Alifariki saa nne asubuhi, akiwa amemshika bintiye mkono.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu watano, na cherehani ambayo uzi wake haujakatwa.

Apumzike kwa amani fundi wetu, aliyeketi na hofu yake hadi ikachoka kabla yake.