Sarafu ya Bibi Harusi Iliyokataa Kulia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wakusanyaji wa Sarafu wa Kaifeng, mjane Bi. Shao na watoto wa marehemu Mwalimu Fei Zhongliang, ndugu wageni waalikwa:

Sarafu bandia ni ile iliyotengenezwa ili idhaniwe imetoka mahali isikotoka. Fasili hii alitufundisha Mwalimu Fei, tunayemuaga leo; na yeye mwenyewe ndiye aliyeitikisa.

Mnamkumbuka Bi. Miao Guilan, aliyeingia mwaka jana katika duka la sarafu nililofanya kazi na Mwalimu, uso umemshuka, mkononi ana sarafu ya shaba yenye tundu la mraba na jina la enzi ya mfalme Qianlong. Aliirithi kwa nyanya yake, na alikuwa ameilaza ndani, chini kabisa ya sanduku la mjukuu wake, bibi harusi, iwe baraka kama ilivyo desturi yetu. Upande wa bwana harusi ukaitoa, ukaijaribu, ukatangaza kuwa ni bandia. Je, binti anayepokewa kwa minong'ono ya namna hiyo ataishije katika nyumba ile?

Aliyeijaribu, Bwana Lü, mjomba wa bwana harusi, alifuatana naye, kifua mbele.

"Nimeipuliza ukingoni, nikaitia sikioni. Kimya! Haikulia hata kidogo."

"Mjomba," Mwalimu akamjibu, "hayo ni ya sarafu za fedha. Shaba ya miaka mia mbili ikikuimbia, hapo ndipo ukimbie."

"Umesikia?" Bi. Miao akadakia. "Tangu jana unapuliza kama mtu anayepoza supu!"

Tulicheka. Mwalimu angeweza kuishia hapo, na bibi yule angerudi kwake ameshinda. Lakini aliipima, akaikuta nyepesi. Akayachunguza maandishi, akaona yalififia tangu kwenye kalibu ya kuimiminia, wala si kwa kuchakaa.

"Bibi, ni ya zama zile kweli. Ila haikutoka kiwanda cha serikali. Kuna mtu aliimimina kwa siri uani kwake. Kwa bei, haifiki hata bakuli mbili za tambi."

"Kwa hiyo nyanya yangu alitapeliwa?"

"Aliipataje?"

"Aliuza mayai sokoni, akalipwa hiyo."

"Na kabla yake, kuna aliyeikataa?"

Bi. Miao akafikiri. "Ingekataliwa, isingemfikia."

Kwa kuwa Mwalimu hakuificha kasoro, Bwana Lü aliamini na mengine aliyoyasema. Akaichukua kwa mikono miwili, akaifunga katika kitambaa chekundu ilimokuja. "Basi dada, irudi sandukuni. Mwenye neno aje kwangu."

Mwalimu Fei, wengi wana macho makali kama yako. Wachache hukataa kutoa nusu ya jibu kwa sababu tu nusu hiyo inapendeza. Pumzika salama. Nanyi nyote, nawashukuru kwa utulivu mlionisikilizia.

Naondoka jukwaani na jambo ambalo sijaweza kulitatua: pesa huwa pesa kwa neno la anayeimimina, au kwa mkono wa anayeipokea?