Mwalimu Christina Ndayikunda na Boti Mbili za Kabiga

Ndugu waombolezaji, mimi ni Brigita, mdogo wake marehemu. Kamati ya mazishi imenipa dakika kumi na kunisihi nisome kilichoandikwa tu, nisiongeze. Nitasoma kilichoandikwa. Aliyekiandika ni mimi.

Mwalimu Christina Ndayikunda alizaliwa tarehe 3 Mei 1963 katika kijiji cha Ilagala, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Habonimana na marehemu mama yetu, Niyokwizera. Siku hiyo mto Malagarasi ulikuwa umefurika. Mkunga alivushwa kwa mtumbwi, akafika akakuta mtoto ameshazaliwa, ameshanyonya na amelala. Baba akasema huyu hatakuwa mtu wa kusubiri watu. Maskini baba yetu, hakujua anasema nini.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Ilagala kuanzia 1971 hadi 1977, akachaguliwa kuendelea na sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1981. Alisomea ualimu Kasulu kwa miaka miwili na kuhitimu mwaka 1983. Huko chuoni alipata ugonjwa wa kusahihisha watu, na hakupona. Barua nilizomwandikia nikiwa darasa la sita alinirudishia zikiwa na wino mwekundu, na chini kaandika: "Nimefurahi kusikia mama hajambo. Sita kwa kumi."

Januari 1984 alipangiwa kufundisha katika shule ya msingi ya kisiwa cha Kabiga. Alikwenda kwa miaka miwili. Alikaa ishirini na minne.

Kwa wageni wetu mliotoka Dodoma na Dar es Salaam, niwaeleze habari ya kwenda Kabiga. Kisiwa kina boti mbili za mbao, Subira na Acha Waseme. Moja inalala hapa Bangwe, nyingine inalala kisiwani. Kila Jumatatu na Ijumaa kila moja inaondoka upande wake, zinapishana katikati ya ziwa na kubadilishana malazi. Muda wa kuondoka ni saa moja asubuhi. Huo ni muda wa kutangaziwa. Kuondoka kwenyewe ni pale gunia la mwisho la fulani litakapofika kutoka soko la Mwanga, kule mjini, na fulani mwenyewe bado anakunywa chai. Foleni hatupangi kwa miguu yetu: unaacha kandambili kwenye mstari, unakwenda kukaa kivulini, zenyewe zinakushikia nafasi. Dada yangu alipoteza jozi nne kwa mtindo huo, na jozi ya tano aliiona kanisani miguuni mwa mtu ambaye leo sitamtaja kwa kuwa ameleta mchele.

Ukishaingia, unakaa juu ya gunia, ndoo ya mtu iko magotini na kuku wa mtu anakudonoa mgongo. Maboya ya kuvaa mnagawiwa mkaguzi akiwepo. Boti ikipita kona yanakusanywa yasichakae. Injini ikizima, nahodha anasema, "Dakika mbili." Mama mmoja alianza na kumaliza mkeka katika hizo dakika mbili. Nahodha Bonifasi yupo pale nyuma. Asiiname, tumeshamwona.

Ni katika moja ya boti hizo marehemu alimpata mume. Agosti 1986 alikuwa anarudi kisiwani, na fundi cherehani mmoja wa soko la Mwanga, Nathaniel Ngendakumana, alikuwa anapeleka sare za shule. Msumari ukachana sketi ya mwalimu kutoka pindo hadi karibu na goti. Fundi akatoa sindano na uzi. Mwalimu akamwambia asimguse. Injini ikazima, upepo ukazidi kufunua, mwalimu akasema haya, shona, lakini angalia kule. Akashona akiangalia Kongo. Mshono ulikwenda upande, na dada aliuonyesha mshono ule kwa kila mtu hadi sketi ilipoisha.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1989. Wageni wa kutoka Kabiga walifika Jumapili jioni, wakapikiwa upya, wakaimba upya, na bwana harusi akavaa suti upya.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa, marehemu alikuwa na haja moja tu duniani: kukaa nyumba moja na mumewe. Yeye kazi yake ilikuwa kisiwani, mume wateja wake walikuwa Mwanga, na watoto walipokua walihitaji shule za mjini. Dada alivuka Ijumaa ya mwisho wa mwezi kufuata mshahara, akarudi Jumatatu. Kuna mwezi alifika hapa ufukweni saa kumi na mbili jioni ya Jumapili badala ya Ijumaa, na asubuhi yake akalazimika kurudi na boti. Mtasema likizo zilikuwepo. Zilikuwepo. Yeye mwenyewe aliniambia, "Brigita, likizo nakaa kwa mume wangu kama mgeni. Sijui hata chumvi iko wapi." Kila mwaka aliomba uhamisho, na kila mwaka alijibiwa kwamba kwanza apatikane wa kujaza nafasi yake. Nani angekubali kwenda Kabiga?

Akapatikana. Desemba 2007 barua ilitoka: aripoti shule moja ya hapa mjini Jumatatu, tarehe 14 Januari 2008. Dada hakumwambia mtu. Alitaka mumewe afungue mlango tu amkute amesimama na godoro lake. Na shemeji yangu naye, bila kumwambia mkewe, alikuwa amechoka kuingoja serikali. Kama Christina hahamishwi, atahama yeye. Akarudisha fremu yake ya ushonaji, akarudisha na vyumba viwili walivyopanga, akafunga cherehani yake kwa kamba. Watoto wakubwa wawili, Happiness na Thobias, walikuwa bweni. Mdogo, Honorata, akamleta kwangu. Ya shemeji nilikuwa nayajua, na aliniapisha. Ya dada sikuyajua. Naomba mnisikilize vizuri hapo, maana nimelaumiwa kwa hili miaka kumi na saba.

Ijumaa, tarehe 11 Januari, saa sita mchana, Subira na Acha Waseme zilikutana katikati ya ziwa. Zikikutana hupunguza mwendo na kukaribiana, watu wapeane barua na salamu. "Mwakeye! Mwakeye!" Ndipo abiria mmoja akamgusa dada begani: "Mwalimu, yule si mumeo?"

"Baba Happiness!" dada akaita. "Unakwenda wapi na cherehani?"

"Nahamia kwako! Na wewe unakwenda wapi na godoro?"

"Nimehamishwa! Nahamia kwako!"

Boti zote mbili ziliangua kicheko, mpaka waliokuwa wakitapika wakaacha. Shemeji akasimama, akataka kuruka. Cherehani ilikuwa chini ya magunia kumi na mawili ya unga.

"Iache!" dada akapiga kelele.

"Niiache nile nini?"

"Basi mimi nije huko!"

"Uje ufanye nini? Unaripoti lini?"

"Jumatatu!"

Wakati huo mawimbi yalikuwa yanazigonganisha boti ubavu kwa ubavu. Bonifasi akaongeza mafuta kwenye injini. "Mwalimu, mambo ya nyumbani mtayamalizia nchi kavu."

"Nchi kavu ipi?" dada akamuuliza. "Ya kwake au ya kwangu?"

Shemeji alifika Kabiga akakuta nyumba ya mwalimu ina mwalimu mwingine, akapewa stoo ya shule alale na chaki. Dada alifika Mwanga akakuta mlangoni kwake mama asiyemjua anakaanga mandazi. Yebaba we! Alikuja kwangu na godoro kichwani, hakubisha hodi. "Brigita, ulijua?" Nikamwambia nilijua nusu. Hakuniongelesha hadi Jumapili.

Tukahesabu kwamba Jumatatu shemeji atarudi. Lakini Subira iliharibika injini kisiwani ikangoja kipuri, na Acha Waseme ikapandishwa nchi kavu hapa Bangwe, kwa kuwa kule kugongana kulikuwa kumelegeza mbao. Siku tisa hapakuwa na boti. Dada aliripoti kazini, akafundisha, na kila jioni alikwenda ufukweni kuwaangalia mafundi wanaziba mbao, akiwasahihisha.

Ndugu zangu, hapo dada aliogopa. Sikuwahi kumwona ameogopa kabla ya hapo. Kisiwani simu zilikuwa zinashika ukipanda mwamba wa nyuma ya kanisa, na siku ya sita shemeji akapanda, akapiga. Watu walikuwa wamesikia kuna fundi. Alikuwa ameshashona sare thelathini, na wazee wamempa kiwanja. "Christina," akasema, "hapa kuna kazi ya mwaka mzima." Nilikuwa nimekaa karibu na dada. Akasema, "Basi kaa," akakata simu. Akalia. Aliniambia, "Nimemngoja miaka kumi na minane, na sasa nimempa kisiwa changu mwenyewe."

Jumapili, tarehe 20 Januari, Acha Waseme ilirudi, nje ya ratiba, kutoka safari yake ya kwanza tangu izibwe. Dada hakutaka kwenda ufukweni. Nilimvuta mkono kwa nguvu. Watu wakashuka, magunia yakashuka, na wa mwisho kabisa akashuka shemeji, mikono mitupu. Dada hakumsalimia. Alimuuliza, "Cherehani iko wapi?"

"Nimeiacha. Boti ilijaa. Wamesema nikiitaka cherehani ningoje Ijumaa."

"Si uliniuliza ukiiacha utakula nini?"

"Nitajua baadaye. Nimekuja nikukute wewe ukiwa bado uko hapa."

Dada yangu, mwalimu wa watu, mwenye kalamu nyekundu, alikaa chini kwenye mchanga, akacheka na kulia kwa pamoja. Cherehani ile haikurudi tena. Akina mama wa Kabiga wanaitumia hadi leo, na wawili kati yao wameishonea kwaya inayoimba hapa mavazi iliyovaa leo. Shemeji alianza upya kwa cherehani ya kuazima.

Kutoka siku ile walikaa nyumba moja. Walijenga hapa Bangwe, wakahamia mwaka 2010. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu nani amefunga dirisha, na kila ugomvi dada alinisimulia kwa furaha iliyonichosha. Alistaafu tarehe 3 Mei 2023, baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa. Alikuwa akitania kwamba anangoja Januari 2026, ili miaka ya kukaa pamoja ilingane na ile ya kupishana, na baada ya hapo ziwa halitamcheka tena. Ilibaki miezi minne.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na mwezi Machi mwaka huu madaktari wakaona figo zimechoka. Alilazwa mara tatu. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha, shemeji alikuwa haondoki. Muuguzi mmoja alimwambia kwa upole, "Mzee, wodi ya akina mama hailali wanaume." Akajibu, "Binti yangu, huyu mama nimetenganishwa naye na ziwa zima. Na wewe unitenganishe naye kwa mlango?" Wakampa kiti. Tunawashukuru sana wauguzi wale, na kiti chao tutakirudisha.

Mwalimu Christina alifariki dunia Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Asubuhi hiyo alikuwa ameomba kalamu, akasahihisha jina lake kwenye faili. Walikuwa wameliandika vibaya.

Ameacha watoto watatu, Happiness, Thobias na Honorata, wajukuu watano, ndugu wanne pamoja na mimi, na wanafunzi ambao leo wamejaza Subira na Acha Waseme zote mbili kuja kumzika.

Mume nimemweka mwisho kwa makusudi. Juzi nilimsomea shemeji wasifu huu. Nilikuwa nimeandika kwa desturi yetu, kwamba mwenzake ametangulia na yeye yu njiani. Alinikatisha. "Hilo lifute, Brigita. Mimi na dada yako kila mmoja akianza safari tunapotezana. Andika kwamba amefika. Na mkishamlaza, wewe ndiye mwenye sauti, inama pale kaburini umwambie hivi kutoka kwangu."

Kwa hiyo, dada, kaburini nitarudia, lakini naomba unisikilize kuanzia sasa. Nathaniel anasema ukae hapo hapo. Usiinuke kumfuata. Safari hii anakuja yeye.

Pumzika, Christina wetu, Mungu akutunze.