Mawe Tuliyobeba na Kufuli Nililoshika

Salaam aleikum, mama zangu. Na nyinyi mliopitia hapa mkitoka misa, muraho. Mara tatu nimeombwa nisimame, mara tatu nikakataa, kwa sababu humu ndani wamo wanawake wasiopungua kumi niliowafungia maji kwa mkono huu. Huu hapa, utazameni. Leo nimesimama, na sitawapambia maneno.

Chemchemi yetu mnaijua, hapa chini ya mtaa wa Rwezamenyo, mteremko unapoishia bondeni. Zamani ilikuwa mabomba mawili kwenye ukuta uliopasuka, na matope mpaka vifundoni. Haikuwa ya mtu. Ulikuja na bidoni yako, ukasubiri, ukasikia umbeya wa mtaa mzima, ukajaza, ukapanda kwako.

Kabla vyama vya siasa havijawafundisha watu kugomea umuganda, konseye, mkubwa wa mtaa wetu, alitangaza kwamba Jumamosi zile za kazi ya wote tutajenga chemchemi. Ukuta mpya, tangi, ngazi za mawe. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikanyimwa jembe. "Wewe umesoma sekondari," konseye akaniambia, "shika daftari. Andika nani kaja na kabeba nini." Nikaandika. Wanaume walichimba mtaro, wanawake walipandisha mawe kichwani. Kazi ilipoisha nilimpa konseye nakala safi. Daftari lenyewe, lenye alama za vidole vya matope, nilibaki nalo chini ya godoro.

Dada zangu, sikieni upumbavu wetu: hatukuuliza hata swali moja. Siku tangi lilipojaa tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Mwezi haukuisha, wakaja vijana wawili wenye suruali za pasi na karatasi ya serikali ya komuni, yenye mhuri. Wameanzisha kampuni, walisema, nchi inahitaji vijana wenye akili mpya. Wakafunga pampu ya kuvutia maji. Wakaweka lango la chuma na kufuli. Pikapu yao ikaanza kupeleka maji kwenye hoteli na kwenye nyumba zinazojengwa mjini, na sisi tukaambiwa tununue kwa bidoni. Tena walihitaji mtu wa kukaa langoni, anayejua kuandika.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa amepelekwa vitani kaskazini, barua hakuna, na mtoto wangu alikuwa mchanga. Hiyo ndiyo sababu, lakini msinihurumie haraka, maana kazi ile niliipenda. Nilipewa kiti. Nilipewa filimbi! Watu walioniona nikikua sasa walikuwa wananisubiri mimi niinuke.

Siku moja mama mtu mzima akanifokea, "We binti, mawe ya ukuta huo nimeyabeba kwa kichwa hiki!" Nikamjibu mbele ya foleni: "Mama, ulibeba mawe. Maji hukubeba." Watu wakacheka. Vijana wa kampuni wakacheka kuliko wote. Basi nikalichukua neno lile likawa langu, kila anayelalamika nampiga nalo.

Sasa nafika pale nisipopataka.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenizalisha. Uchungu ulinishika ghafla, yeye akachemsha wembe, akakata kitovu cha mwanangu. Asubuhi moja alikuja langoni na bidoni mbili, mtoto wake mgongoni, mkononi hana kitu.

"Dada, nijazie moja tu. Ijumaa nakulipa."

"Kila mtu ana Ijumaa yake."

"Ni mimi, jamani."

"Nakuona. Ulibeba mawe, maji hukubeba."

Safari hii hakucheka mtu. Alinitazama, kisha akateremka mpaka kwenye mfereji wa kinamasi, pale wanapooshea magari. Nilimwona akiinama akichota. Nilimwona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Mtoto wake alianza kuhara siku ya tatu. Hakumaliza wiki. Alifia mgongoni mwa mama yake, njiani kwenda zahanati, na mama aliendelea kutembea naye kwa sababu alidhani amelala.

Niliposikia kilio nilifungua lango, nikajaza bidoni, nikaipeleka. Maji ya kumwoshea. Jirani yangu alikuwa amekaa mkekani. Aliitazama ile bidoni, akaniuliza taratibu kabisa, "Leo maji yapo?"

Sikurudi langoni. Filimbi niliitupa chooni. Maziwa yakanikauka, sikula, sikuoga, mama mkwe akamchukua mwanangu akamlisha uji. Watu wakasema nipelekwe Ndera kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na kaka yangu alikwisha kuomba gari la rafiki yake.

Baada ya arobaini jirani akaingia kwangu. Hakukaa.

"Lile daftari la umuganda unalo?"

"Ninalo." Nikaanza kulia, nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Nyamaza. Sikuja kukusamehe. Karani wa komuni amenisomea. Vijana wale wameandika kwamba chemchemi waliijenga wao, kwa mali yao, ndiyo maana wakapewa karatasi. Konseye anasema nakala yake imepotea. Oga. Kesho tunakwenda."

Nikaoga. Kupona kwangu kulianza na kipande cha sabuni, nawaambia ukweli.

Kesho yake tuliujaza uwanja wa komuni. Mkubwa wa pale akauliza msemaji ni nani, wenzangu wakanisukuma mbele. Kijana mmoja wa kampuni akacheka: "Huyu? Huyu ni mfanyakazi wetu. Tena kichwa si kizima, muulizeni kaka yake."

Nilifungua daftari nikasoma. Jumamosi ya kwanza, jina, mawe aliyobeba. Na mwenye jina akaitika nyuma yangu, "Nipo." Hatukupanga hivyo. Nikasoma la pili. "Nipo." Mkubwa alikuwa anaandika, mwishowe kalamu akaiweka chini. Nikafika kwenye jina la jirani yangu. "Mawe sita," nikasoma, "na mtoto mgongoni."

Mwandiko ulikuwa wangu. Siku ile niliandika kwa kumtania. Nilikuwa nimesahau.

"Nipo," akasema jirani yangu.

Yule wa kampuni hakucheka tena.

Msidhani tulishinda vita. Kampuni ipo, wiki iliyopita wameleta pikapu ya pili. Konseye ni konseye yule yule. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyewahi hata kusema pole. Lakini komuni ilichana ile karatasi ikaandika nyingine: mabomba mawili ni ya mtaa, bure, pampu haiwashwi mpaka foleni yetu iishe, ufunguo unakaa kwa akina mama, na kila mwaka vijana wanarudi kuomba kibali mbele yetu, siyo chumbani. Ndiyo tuliyoyapata. Yangekuwepo tangu mwanzo, mtoto yule angekuwa anakimbia hapa uani.

Nawashukuru nyinyi mlioitika. Namshukuru mama mkwe kwa uji wake. Namshukuru karani, nisiyemtaja asije akafukuzwa. Funzo langu ni hili, nalisema kwa hasira kwa sababu sina jingine: ukiitwa kujenga cha wote, nenda, lakini kabla hujainua jiwe uliza kufuli litashikwa na nani. Na ukipewa wewe, jiogope.

Siku hizi zamu ya alfajiri ni yangu. Jirani yangu huja na bidoni zake mbili. Namjazia mpaka juu, namtwisha. Hanisalimii, na ana haki. Jumatatu hii, kwa mara ya kwanza, alinena neno. Maji yalikuwa yanamwagika, mimi mkono umeganda bombani, nimeduwaa.

"Imejaa," akasema.

Nikafunga.