Elkanah Situma Makokha na Mkebe wa Njugu

Naitwa Risper Nasimiyu, dada mkubwa wa marehemu. Familia imeniomba niseme maisha yake kwa ufupi. Karatasi mliyopewa mlangoni ina ukurasa mmoja tu. Mimi nina kurasa nne, kwa sababu kuna jambo ambalo sikulipeleka kwa mpiga chapa. Mchungaji ameshaniruhusu, kwa hiyo tafadhali msiangalie saa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 7 Agosti 1978, katika boma hili hili, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Makokha na Mama Miriam Nekesa, ambao wote wawili wametangulia. Kitambulisho chake kinasema 1980. Hilo ni kosa la karani. Mimi nilikuwa na miaka minane, na ndimi niliyetumwa mbio kumwita mkunga, kwa hiyo mwaka naujua.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1985, akafanya mtihani wa darasa la nane 1992, kisha akamaliza kidato cha nne 1996. Alipata C. Wanaosema alipata B wanampenda tu. Walimu wake hawakumkumbuka kwa alama. Akiwa darasa la sita alivunja kioo cha ofisi kwa mpira, na hakuna aliyemwona. Alienda mwenyewe kwa mwalimu mkuu akiwa ameshika kiboko alichokata kwenye ua. "Mwalimu, nimevunja kioo. Fimbo ndiyo hii, usihangaike kutafuta." Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Halafu alimchapa viboko viwili, maana kioo ni kioo.

Kuanzia 1999 aliendesha lori la maziwa mjini Kitale. Mwaka wa 2010 alipata viza ya udereva, akaenda Jeddah, Saudi Arabia, kuendesha gari la familia moja ya mtaa wa Ruwais. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa mzee aliyemwita Baba, na Baba naye alimwita Elkana, bila kumalizia jina, kwa miaka kumi na minne. Alipanga chumba mtaa wa Bani Malik pamoja na Wakenya wengine watatu. Mwaka wa 2016, akisaidia kuhamisha friji ya madam, mke wa Baba, aliumia mgongo. Hakuwahi kupona vizuri. Alipokuja likizo mwaka wa 2018, daktari wa hapa alimwandikia vidonge vikali vya maumivu, kimoja mara tatu kwa siku, kwa mwezi mmoja. Kadi ya hospitali aliisahau kwangu, nami nikaiweka kwenye droo ya kabati. Naomba mkumbuke droo hiyo.

Alimwoa Maureen Nanjala tarehe 18 Desemba 2004, katika kanisa hili letu. Siku ya posa alikunywa chai vikombe sita kwa sababu hakujua namna ya kukataa, na wakwe wakadhani ametoka kwenye njaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Valentine na Lewis. Maureen aliishi na simu zaidi kuliko na mume, kama wengi wenu hapa mnavyojua, na hakuwahi kumlalamikia mbele yetu. Elkanah alipiga simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Akichelewa, Valentine alikuwa anakataa kula.

Sasa nafika Oktoba 2019.

Pauline, binti wa jirani yetu Mama Pauline, alikuwa amepata kazi ya nyumbani mjini Riyadh. Mnajua desturi yetu. Mtu akisafiri, nusu ya mkoba wake ni ya watu wengine. Elkanah aliniomba kwa simu njugu za kukaanga tu. "Dada, za hapa hazina ladha." Hakuomba kitu kingine. Lakini nilimsikia akiguna alipoinuka kwenye kiti, na mimi ni mtu wa kujua yanayowafaa wengine. Nilienda duka moja la dawa ninapojulikana, nikanunua vidonge vile vile vya 2018 bila karatasi ya daktari. Vilikuwa tisini. Nilivitoa kwenye boksi lake lenye maandishi, nikavifunga kwa nailoni, nikavizika chini ya njugu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Nilifanya hivyo ili watu wa uwanja wa ndege wasimsumbue msichana. Nilijiona mjanja kweli.

Pauline hakujua. Nilimpa mkebe nikamwambia ni njugu. Tena nilimwongezea ushauri ambao sote huwapa wasafiri: "Wakikuuliza, sema kila kitu ni chako. Usianze hadithi ndefu."

Alisafiri Jumapili, tarehe 13 Oktoba. Uwanjani Riyadh walimwaga njugu zote mezani. Wakamuuliza kama mkoba ni wake na vyote vilivyomo ni vyake. Akajibu ndiyo, kama nilivyomfundisha. Wakaandika maelezo kwa Kiarabu, akaweka kidole gumba. Hakukuwa na mtu wa kumsomea kwa Kiswahili. Kulingana na karatasi ile, Pauline, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa amekiri kuingiza dawa za kulevya kwa kuficha, na upande wa mashtaka ulisema vidonge tisini ni vya kuuza. Kule shtaka kama hilo si mchezo. Mtu huenda ndani miaka mingi.

Aliyetuambia ni Julius, Mkenya anayelinda jengo moja la ofisi mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh. Yeye ndiye angepokea mkebe kutoka kwa Pauline na kuutuma Jeddah kwa basi. Alimpigia Elkanah: "Msichana hajatoka uwanjani. Wamemshika na vidonge." Elkanah akanipigia mimi. Akauliza swali moja, "Dada, uliweka nini?" Nikamwambia. Akasema, "Sawa. Naenda Riyadh."

Jina lake halikuwa kwenye mkebe. Hakuna aliyemtaja. Angeweza kukaa Jeddah akaendelea kuwapeleka watoto wa Baba shuleni, na hakuna mtu duniani angemuuliza. Baba mwenyewe alimwambia, "Mafi, hapana! Huyo si msichana wako. Ukienda utafungwa na wewe, halas, basi." Elkanah alijibu kwamba msichana si wake ila mgongo ni wake.

Ofisi moja katika jengo analolinda Julius ni ya wakili wa kesi za jinai, Ustadh Sami. Julius alimbembeleza wiki nzima, kila akimfungulia lango. Wakili akakubali kumsikiliza Elkanah, na alimweleza bila kupamba. Alisema utetezi una miguu mitatu. Wa kwanza, kuonyesha kwamba msichana hakujua kilichomo. Wa pili, kuonyesha kwamba vidonge ni tiba ya mgonjwa anayejulikana, vitatu kwa siku kwa siku thelathini, ambavyo ni tisini kamili, na si bidhaa. Wa tatu, kwamba maelezo yalichukuliwa bila mkalimani. Mguu wa tatu angeushughulikia yeye. Miwili ya kwanza ilimhitaji mgonjwa ajitokeze, kadi yake ya hospitali, na kiapo cha aliyefunga mkebe. "Na ukijitokeza," akasema, "wanaweza kukuzuia wewe pia, mpaka karatasi zifike."

Alijitokeza kwa polisi wa Riyadh Alhamisi, tarehe 24 Oktoba. Walimzuia.

Jumapili, tarehe 27, Julius alinipigia. Alinieleza kila kitu polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: kadi, na kiapo mbele ya wakili wa Kitale kwamba mimi, Risper, nilinunua dawa bila karatasi, nikaitoa kwenye boksi, nikaificha, wala sikumwambia msichana. Kazi ya asubuhi moja. Kadi ilikuwa kwenye droo, hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama.

Nilikuwa naibu mwalimu mkuu. Mahojiano ya kuwa mwalimu mkuu yalikuwa tarehe 12 Novemba. Niliogopa. Nilijiambia kiapo kikivuja, mwajiri atasema nini, kanisa litasema nini, mwalimu mzima kununua dawa kwa mlango wa nyuma. Julius akipiga, nilisema karani wa wakili hayupo. Siku nyingine nilisema kadi sijaiona. Julius hakunigombeza hata mara moja. Aliniambia tu kwamba kule Elkanah analala sakafuni.

Nilienda kwenye mahojiano. Nikajibu vizuri. Ijumaa, tarehe 15 Novemba, ndipo nilipoenda kuapa. Hizo ni siku kumi na tisa. Cheo nilikipata, na ndicho nilicho nacho hadi leo. Walimu wangu mmeketi hapo upande wa kushoto, nawaona.

Karatasi zilipofika na kutafsiriwa, Baba, kafili aliyesema halas, alisafiri mwenyewe kutoka Jeddah kumwekea Elkanah dhamana. Alitoka tarehe 28 Novemba, baada ya siku thelathini na tano. Julius anasema Baba alimtazama anavyotembea, akalia hadharani bila kujificha, kisha akamwambia, "Yalla, panda gari. Leo nitaendesha mimi." Kesi ilisikizwa mara tatu. Siku ya mwisho Ustadh Sami alihesabu vidonge mbele ya hakimu, vitatu vitatu, mafungu thelathini, akaweka kadi pembeni. Jumatano, tarehe 26 Februari 2020, mahakama iliona kwamba Pauline hakujua, na kwamba dawa hazikuwa za kuuza, ikawaachia wote wawili. Pauline alirudishwa nyumbani tarehe 9 Machi. Miezi minne na nusu alikuwa amekaa ndani kwa sababu ya njugu zangu. Karibu wiki tatu ningeweza kuzipunguza, pengine zaidi. Sijui, na hakuna atakayenihesabia.

Sasa sikilizeni lililotokea hapa kijijini. Elkanah aliwapigia wazee simu, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyeagiza vidonge vifichwe, na kwamba mimi sikujua kilichokuwa ndani. Kwangu alisema, "Dada, wewe una shule. Mimi niko mbali, nitasemwa na nani?" Nikakubali. Tena nilikubali haraka. Karatasi za mahakama zilikuwa za Kiarabu, na hakuna aliyezisoma.

Baada ya hapo alibadilika kidogo. Mtu yeyote Bani Malik akitaka kubebewa mzigo, Elkanah alisema, "Fungua tuone." Aliandika jina la mwenyewe kwa kalamu nene, akapiga picha, na dawa alitaka iwe ndani ya boksi lake na karatasi ya daktari juu. Walimwita Bwana Fungua. Watu walimchoka. Hata mwenzao aliyekuwa akirudi na sabuni za zawadi alifunguliwa sabuni hizo, moja baada ya nyingine, zikanuswa. Julius anasema kwamba aliwasindikiza Wakenya wanane kwa Ustadh Sami, akawatafsiria maelezo neno kwa neno, na akawakataza kuweka kidole gumba kabla hajamaliza. Sita kati yao wako nyumbani.

Alipokuja likizo Julai 2022, alienda kwa Mama Pauline siku ya pili tu. Nilikuwa naye. Alimnyooshea mkono. Mama Pauline aliutazama, akajifuta mikono kwa leso, akaingia ndani. Elkanah alibaki pale mkono ukiwa hewani, kisha akaniambia, "Twende, dada. Ana haki." Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa. Sikusema neno.

Mwaka wa 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alirudi nyumbani kabisa tarehe 17 Novemba, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Maureen alimuuguza vizuri, na aliyesema vinginevyo aje aniambie mimi. Wiki mbili kabla hajatuacha aliniambia, "Wasifu wangu andika wewe. Usiweke maneno mengi." Nikamuuliza, "Na lile la mkebe?" Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Hilo ni lako, dada." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, Maureen akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na sindano.

Ameacha mjane, Maureen, na watoto wake, Valentine na Lewis. Ameacha ndugu watano, mimi nikiwa wa kwanza kwa umri. Ameacha rafiki yake Julius, aliyefika jana kutoka Riyadh na hajalala. Baba wa Ruwais ametuma salamu za sauti. Anasema Elkana, bila kumalizia, na anashindwa kuendelea.

Mama Pauline, nakuona hapo kwenye hema la pili, na Pauline yuko kando yako. Ulikuja kumzika jirani kwa sababu ni desturi, na hukwenda kumtazama usoni. Asubuhi nilikuona ukipita mbali na jeneza. Mkono ulioukataa mwaka wa 2022 haukuwa na kosa. Uliopaswa kuukataa ni wangu, na mimi umenisalimia kila Jumapili miaka mitano. Pauline, mwanangu, nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa. Jeneza bado halijafungwa. Kama mtapenda kumuaga, tutawangoja wote, hata jua likizama.

Elkanah, ndugu yangu mdogo, mkebe nimeufungua. Mgongo wako upumzike sasa, na Mungu akulaze mahali palipo laini.