Marehemu Stamatis Kourelis na Chumvi Aliyoificha Jina

Padri wetu, ndugu wa Kalymnos, majirani wa Oakleigh, mimi ni Fotini, kifungua mimba wa marehemu, na karatasi niliyoandikiwa na shangazi Kalliopi ninayo hapa mkononi, lakini mtanisamehe, siisomi yote, maana inasema baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na moyo wa baba haukuwa na kasoro yoyote.

Marehemu Stamatis Kourelis alizaliwa tarehe 9 Mei 1948 katika kisiwa cha Kalymnos, kule Ugiriki, mtoto wa tatu wa mzamiaji wa sifongo, akasoma huko huko hadi darasa la sita, na tarehe 2 Novemba 1965 akashuka melini hapa Melbourne akiwa na sanduku moja na mdomo usiojua kupumzika. Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae kule Brunswick, akichanganya dawa ya kung'arisha vigae, na humo ndimo alimokutana na unga mweupe uitwao kaboneti ya lithiamu, chumvi inayofanya dawa hiyo iyeyuke upesi tanuruni, na ambayo siku hizi hutumika hata kutengenezea bateri za simu zenu. Jina lake limetokana na neno letu la jiwe, kwa kuwa wataalamu waliikuta ndani ya jiwe, naye alitamba nalo kana kwamba ni la ukoo wake: "Hata chumvi hii Mgiriki, ndiyo maana mbishi!"

Tarehe 20 Januari 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Sevasti, wakajaliwa mimi na mdogo wangu Pantelis. Mwaka 1981 baba aliacha kulala, akabandua vigae vya jikoni na kuvibandika upya mara tatu, akauza gari, akanunua boti, kisha akalia wiki tatu, jamani, akalia hadi tukamwogopa. Daktari akampa vidonge, na baba kusoma kichupa, kumbe ni chumvi ile ile ya kiwandani, imesafishwa na kupimwa, maana ni hapa hapa Melbourne ilikogunduliwa kwamba huituliza akili iliyochafuka. Vikamtuliza kweli. Lakini kwa aibu alivihamishia kwenye kopo la vitamini, na mwaka 1996, nilipompeleka kupimwa damu, akaniambia mimi peke yangu: "Mama yako akijua, Kalymnos nzima itajua. Wataniita kichaa." Nikanyamaza miaka ishirini na saba.

Mwaka huu, Kwaresima ilipoanza tarehe 27 Februari, mama aliweka nadhiri ili goti la baba lipone, kwamba hadi Pasaka chakula chao hakitatiwa mafuta wala punje ya chumvi, naye hakujua kwamba mwili ukikosa chumvi ya mezani huing'ang'ania hii nyingine hadi igeuke sumu. Mimi nilijua, daktari alituonya siku ile ya kupimwa damu! Nilikaa mezani kwao nikasema, "Mama, dengu hizi chapwa kweli," naye akacheka, "Nadhiri, mwanangu, vumilia," na sikufikiri zaidi ya hapo.

Tarehe 28 Machi mikono ya baba ilianza kutetemeka, ulimi ukawa mzito, tarehe 30 akalazwa, na tarehe 3 Aprili 2023, saa tatu asubuhi, akafariki dunia. Tangu daktari aeleze sababu, mama anajipiga kifua, "Nimemuua kwa dengu," na shangazi ananiambia, "Soma moyo, yaishe, fedheha ya nini?" Shangazi, nakuheshimu, lakini nikisoma moyo, mama ataubeba mzigo huu peke yake hadi kaburini. Mama, sikia mbele ya watu hawa: hukumuua. Hukuambiwa. Aliyejua akanyamaza ni mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku zile, majirani mliotupikia, na wenzake wa kiwandani waliofika wengine kwa mikongojo, na yeyote mwenye dawa anayoificha, akirudi nyumbani leo amwambie anayempikia.

Baba, umehangaika vya kutosha, pumzika kwa amani. Na wewe mama, kama bado mimi ni mwanao, nipe mkono tumsindikize.