Maganda ya Merle Yaoshwe kwa Kitu Gani?

Benchi la mbele ya duka la chakula cha mifugo la Tolliver limebanwa kati ya matofali ya chumvi ya ng'ombe na magunia ya mbegu, na wanaolikalia kila asubuhi wana magoti mabovu na midomo mizima. Asubuhi hiyo ya Oktoba Gaylen Strode alifika na kopo lililojaa maganda ya risasi zilizokwisha pigwa, meusi kama sufuria ya kuni. Yalikuwa ya bunduki ya kaka yake, Merle, bunduki ya zamani ambayo viwanda vimeacha kuitengenezea risasi. Anayeitumia huyaosha maganda yale yale, akayajaza baruti upya. Miaka yote Merle ndiye aliyeosha na kujaza, Gaylen akabeba begi. Merle alizikwa mwezi wa nne. Msimu wa kuwinda elki, wale wanyama wa pembe kama matawi, ulikuwa unafunguliwa Jumamosi, na Gaylen alikuwa ameapa: maganda yatang'aa kama ya Merle, au haendi.

— Pipa la kuyazungushia ninalo, alisema, na vijipini vya chuma vya kuyasugua ninavyo. Swali langu moja tu: kwenye maji natia nini? Merle hakuniambia.

— Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema Wendell, ambaye benchi lilimwita Askofu kwa kuwa hajui kumaliza sala. Na kata ndiyo hiyo tumeizika.

Maneno yale yalimchoma Gaylen. Alijimiminia kahawa kutoka birika la duka.

— Siki, alisema Lyle, na ndiyo maana aliitwa Siki. Unaloweka usiku kucha. Haraka haraka haina baraka.

— Ya kwako si yalitoka rangi ya waridi? aliuliza Ardith, aliyesambaza barua bonde zima mpaka akastaafu, wakamwita Posta. Kama kucha za bi harusi!

— Waridi ni rangi ya afya.

— Afya gani? Siki iliila zinki yote kwenye shaba, ganda likapasuka ndani ya bunduki! Mbwa wangu mpaka leo akikuona anaingia chini ya gari.

— Mbwa huyo ni mwoga tangu azaliwe. Basi atie ile dawa ya kusafishia vioo.

— Ina amonia, Lyle! Hiyo ndiyo inapasua shaba kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu langu limeshavunjika, dada. Nina ruhusa ya kutosikia.

Ardith alimgeukia Gaylen.

— Sikiliza, mdogo wangu. Unga wa ndimu, ule tunaotia kwenye nyanya za chupa. Nusu kijiko, na tone la sabuni ya vyombo. Basi.

— Uongo huo, alisema Askofu. Mimi nilitia mwaka jana.

— Wewe ulitia unga wa juisi ya ndimu! Wenye sukari!

— Umeandikwa ndimu.

— Maganda yakanata, nyigu wakakufuata mpaka kanisani!

— Mchovya asali hachovyi mara moja, alisema Askofu kwa utulivu.

— Lakini Merle hakutumia ndimu, alisema Lyle. Alitumia theluji. Ya mteremko wa kaskazini, isiyoguswa na jua. Anaiyeyusha polepole.

— Theluji wapi! Yalikuwa maji ya ubatizo, alisema Askofu. Nilimwona kwa macho yangu nyuma ya kanisa, ameshika chupa.

— Chupa ile haikuwa ya maji, baba, alisema Lyle.

— Semeni yenu, alisema Ardith, ambaye dakika moja kabla alikuwa ndiye mwenye akili. Farasi wa Merle alikuwa na mkia unaong'aa kuliko farasi wote wa bonde hili. Sasa hiyo shampuu ya farasi, alikuwa anaitumia kwa farasi peke yake?

Gaylen alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Hapo ndipo alipoanza kujiogopa.

Marisela, keshia mpya aliyeanza kazi wiki hiyo hiyo, alitoka ndani kuja kuchukua birika.

— Kahawa imekwisha, alisema. Akachungulia kopo. Haya ni ya kuwindia?

— Ya Jumamosi, alisema Gaylen.

— Oo. Unakwenda na nani?

Askofu alitazama viatu vyake. Ardith alianza kufunga vifungo vya koti ambavyo vilikuwa vimefungwa. Gaylen alilifunika kopo kwa kiganja. Tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, maana kila mtu alilijua jibu lake. Akaona sasa kwamba hata kama maganda yangetoka yanang'aa kama dhahabu, angepanda gari peke yake.

Marisela alidhani amekosa adabu, akaingia ndani na birika lake. Lori la majani makavu lilipita. Benchi zima lililitazama mpaka likapotea.

— Magoti yangu hayapandi mlima, alisema Lyle hatimaye.

— Hakuna aliyekuomba upande, alisema Gaylen.

— Nasema tu. Kukaa garini naweza.

— Gari halina hita.

— Nitavaa koti.

— Tunaondoka saa kumi alfajiri.

— Saa hizo huwa niko macho, alisema Lyle. Wewe piga honi tu.